Orodha ya Kutazama Kimya

Tk.

Hiyo ndiyo sauti anayoikumbuka Nagami Chizue. Si kelele ya taa nyekundu iliyokuwa ikizunguka ukutani, wala si simu zilizolia mfululizo Ijumaa ile. Ni sauti ya muhuri wake wa mti ukigusa karatasi, mwezi wa kumi, saa nne na robo asubuhi, wenzake wakimimina chai. Kisauti kidogo, kama cha mtu anayeweka kikombe mezani polepole asimwamshe aliyelala.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Watu wengi wa mji wa Matsue waliijua sauti yake bila kuujua uso wake, kwani kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyekuwa mtangazaji wa duka kubwa la mbele ya stesheni. Mtoto wa shati la njano amepotea, yuko ghorofa ya tatu. Leo kuna vitamutamu vya Kyoto chini kabisa. Asanteni kwa kuja, karibuni tena. Duka lilipofilisika, yeye ndiye aliyetangaza kwamba linafungwa, akazima kipaza sauti, akarudi nyumbani na shada la maua. Mumewe alikuwa amekwisha kufa miaka minne kabla, kwa ugonjwa wa ini. Mtoto hawakujaliwa. Asubuhi alikunywa supu ya chaza wadogo wa ziwani peke yake, akiyapanga maganda pembeni mwa bakuli, moja moja, bila haraka, kwa sababu hapakuwa na pa kuwahi.

Wakala wa ajira alimpatia kazi ya mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kazi ya kutazama.

"Kutazama nini?" alimuuliza yule dada wa wakala.

"Skrini tu. Ukiona kitu, unapiga simu."

"Na nisipoona kitu?"

"Hapo umebahatika, Nagami-san. Unakunywa chai."

Kampuni ile ililinda wazee wanaoishi peke yao. Mzee alipewa birika la umeme lenye kifaa tumboni. Kila alipomimina maji ya moto, birika lilituma habari. Siku nzima ikipita bila birika kuguswa, mfumo ulimpigia mwanawe aliye Osaka au Tokyo, na mwana asipopokea, ulimpigia jirani. Simu isipolia, mzazi mzima. Hapakuwa na kamera, wala mgeni wa kubisha hodi na kuuliza kama umekunywa dawa. Wazee wa milimani, ambao wangemfukuza muuguzi kwa ufagio, walilikubali birika.

Habari za mabirika hazikwenda kwenye mashine moja ambayo mtu angeweza kuigusa. Zilikwenda katika kile walichokiita wingu: mamia ya programu ndogondogo, kila moja na kazi yake, zinazozaliwa asubuhi na kufa adhuhuri, nyingine zikishika nafasi bila matanga. Kila moja ilikuwa ikiandika mstari kwa kila ilichofanya. Nimepokea. Nimetuma. Nimeshindwa. Nimeanza upya. Mistari hiyo ilishuka mbele ya macho ya Chizue kutwa kucha, kama mvua ya upande ule wa nchi, ambako watoto hufundishwa kwamba bora usahau chakula chako kuliko kusahau mwavuli.

Mstari mbaya ulipotokea, taa nyekundu ilizunguka na kulia. Hapo mtazamaji alisimama, akaunyoshea mstari kidole, akausoma kwa sauti, akafungua kitabu cha taratibu, akafanya kilichoandikwa, kisha akatamka kwa nguvu: "Sawa!" Kidole, macho, mdomo, kama dereva wa treni anayepita kwenye ishara. Wageni wa kazi waliona haya kufanya hivyo. Chizue hakuona haya hata siku ya kwanza. Ilikuwa kama amerudishiwa kipaza sauti chake.

"Ukisoma wewe," aliambiwa na Tanabe, kiongozi wa zamu, mzee wa miaka sitini na mmoja aliyewahi kulinda mitambo ya benki, "hata hitilafu inasikika kama punguzo la bei. Nataka kukimbia kununua."

"Kimbia basi, Tanabe-san. Ghorofa ya saba, mbele ya lifti."

"Magoti hayataki. Niletee mawili."

Vuli ile wahandisi wa Tokyo walibadilisha toleo la programu, na taa ikapata wazimu. Mstari ulikuwa ule ule: Nimeanza upya. Uliandikwa na programu moja, iliyokuwa na kazi ya kuhesabu saa za mabirika ya wilaya ya milimani. Ilikuwa ikijaa, ikifa, ikizaliwa tena papo hapo, mara arobaini kwa siku. Kila ulipotokea katika zamu yake, Chizue alisimama, akanyosha kidole, akasoma. Kitabu kilisema: piga simu Tokyo. Akapiga.

"Nagami-san," sauti ya mhandisi ilisema siku ya tatu, "samahani, hii ni simu ya ngapi leo?"

"Ya kumi na saba."

"Hiyo siyo hitilafu. Ikifa moja, nyingine inazaliwa. Ndivyo ilivyoundwa. Mfumo unajiponya wenyewe."

"Nimeelewa. Samahani kwa usumbufu."

Kisha mhandisi akashusha pumzi. Pumzi tu, ndefu, ya mtu aliyechoka. Chizue aliisikia pumzi ile mpaka alipofika nyumbani, mpaka alipooga.

Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo. Mle ofisini kimya kilikuwa kipimo cha kazi njema. Ukutani palikuwa na chati ya milio ya taa kwa kila mwezi, na Kadowaki, mkuu wa kitengo, mtu wa miaka arobaini na mmoja aliyetembea na dawa za tumbo mfukoni, alitakiwa aishushe kwa theluthi kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo kulikuwa na Orodha ya Kutazama Kimya. Mstari uliolia bure uliingizwa katika orodha hiyo. Uliendelea kuandikwa, ila taa haikuzunguka tena. Kuuingiza, mtazamaji alijaza fomu, na fomu ilihitaji mihuri mitatu.

Mihuri nayo ilikuwa na adabu zake. Wa mkubwa ulikaa kushoto, wima. Wa mdogo ulikaa kulia kwake, umeinamishwa kidogo kuuelekea, kama mtu anayesalimu. Chizue alifundishwa mwinamo huo wiki ya kwanza, akawa fundi wake.

Swali la mwisho la fomu lilikuwa: Mstari huu ukinyamazishwa, kuna madhara gani?

Kalamu ilisimama. Alikuwa amefikiria jambo usiku, akivua soksi: programu ile inahesabu saa. Ikizaliwa upya, inakumbuka ilipofika?

Aliuliza wakati wa chai. "Tanabe-san, hivi ile programu ikizaliwa upya, inakumbuka ilichokuwa ikihesabu?"

"Hilo muulize mtawa, siyo mimi. Mimi nikizaliwa upya nataka niwe paka wa hoteli."

Kila mtu akacheka, na yeye akacheka. Kujua kwa hakika ilibidi apige tena Tokyo, kwa simu ya kumi na nane, amsikie yule mtu akishusha pumzi. Akaandika: Hakuna. Akauinamisha muhuri wake kushoto.

Tk.

Tanabe akagonga wake kabla chai haijapoa. Kadowaki akagonga wake akiwa amesimama, simu begani. Wadogo wawili waliinama vizuri, kila mmoja kwa aliye juu yake, na hakuna aliyeisoma karatasi.

Mwezi ule chati ilishuka kama ngazi. Kadowaki alinunua vitamutamu vya maharage kwa pesa yake mwenyewe, akamwekea Chizue viwili.

Sasa kuna jambo ambalo Chizue hakumwambia mtu.

Watazamaji walikatazwa kufuatilia nyumba ya mtu. Walitakiwa kuiona mistari, si wazee. Lakini mistari ikimiminika mbele yako mwaka mzima, mmoja utaujua tu, kama unavyoujua mwendo wa mtu mmoja katika umati wa stesheni. Wake ulikuwa birika 3081. Kila alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili: maji yamemiminwa. Tena saa nne. Tena saa tisa. Mtu halisi wa Izumo, kama waitwavyo wenyeji wa huko, mwenye chai yake ya saa nne na ya saa tisa, dunia iungue. Chizue hakujua ni bwana au bibi. Alipofika kazini saa mbili unusu, kabla hajavua koti vizuri, alitafuta 3081, akaukuta ule mstari wa alfajiri, akatulia. Saa nne ilipokaribia alisubiri, na mstari ulipotokea, naye alimimina yake. Walikunywa pamoja. Mara nyingine mtu wa 3081 alichelewa dakika mbili, na Chizue alishika kikombe kitupu akingoja, kwa kuwa si adabu kutangulia.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, theluji ikiwa imeshuka tangu Jumamosi, mstari wa alfajiri haukuwepo.

Alitafuta tena. Akaandika namba upya, labda amekosea. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumapili, saa tisa alasiri. Saa nne ikafika, ikapita. Chizue hakunywa chai. Amekwenda kwa mwanawe, aliwaza. Birika limeharibika. Umeme umekatika kwa theluji. Akatazama taa nyekundu. Ilikuwa imetulia, ina vumbi kidogo kwenye kioo chake.

Jumanne, hakuna.

"Tanabe-san."

"Naam."

"Birika likinyamaza siku mbili, taa si ingelia?"

"Ingelia mpaka wafu waombe radhi. Kwani?"

"Basi."

"Basi nini? Umekuwa mweupe kama tofu."

"Hamna kitu. Nauliza tu."

Aliuweka mkono kwenye simu. Akiinua, ataulizwa ni birika gani, kisha ataulizwa amejuaje. Kufuatilia nyumba ya mtu kulimtoa mtu kazini bila mjadala, na mkataba wake ulikuwa uishe mwezi wa tatu. Lakini hata hilo silo lililouzuia mkono, na baadaye hakutaka kujidanganya kwamba ndilo. Kilichouzuia kilikuwa kidogo zaidi: mfumo umenyamaza. Wahandisi, wakuu, mashine, wote wamenyamaza. Yeye ni nani wa kusumbua?

Jumatano, hakuna. Alhamisi hakutafuta.

Ijumaa mwuza mafuta ya taa alipanda na gari lake mpaka kwenye kijiji kimoja cha Okuizumo, milimani, akagonga, akazunguka nyuma ya nyumba, akachungulia.

Hapo ndipo 3081 alipopata jina. Kageyama Yoshizo, miaka themanini na sita, aliyekuwa dereva wa basi la shule mpaka shule ilipokosa watoto. Aliteleza Jumapili jioni kati ya jiko na ukumbi, akavunjika nyonga. Birika lilikuwa juu ya meza, hatua nne kutoka alipolala. Daktari alisema kwa baridi ile huenda aliishi mpaka Jumatano, huenda mpaka usiku wake.

Kilichotokea kilijulikana kwa siku moja, kwa maana kilikuwa kimeandikwa. Programu ya kuhesabu saa haikukumbuka kitu. Kila ilipozaliwa upya ilianza hesabu kwenye sifuri, kana kwamba mabirika yote yameguswa sasa hivi. Kwa kuwa ilizaliwa mara arobaini kwa siku, siku nzima haikuwahi kutimia. Kule winguni, kila baada ya nusu saa, mzee Kageyama alikuwa ametoka kunywa chai. Kwa miezi minne hapakuwa na birika lililolindwa katika wilaya nzima, mia tatu na kitu, na ilikuwa bahati tu kwamba wengine hawakuteleza. Mstari uliokuwa ukilisema jambo hilo uliandikwa zaidi ya mara elfu nne, kwa herufi safi, na haukumlilia mtu.

Kadowaki aliitandaza ile fomu mezani. Mihuri mitatu, miwili imeinama.

"Hapa hatumtafuti mwenye kosa," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Tunatafuta sababu. Sababu ni toleo jipya. Tokyo wamekubali."

"Mimi niliandika 'hakuna'," Chizue alisema.

"Sote tumegonga muhuri, Nagami-san."

"Mimi nimeugonga kwa sababu yeye ameugonga," alisema Tanabe, bila mzaha hata chembe. "Sikusoma. Miaka thelathini na nane ya kazi hii, sikusoma."

Kadowaki akafungua pakiti ya dawa. "Jumamosi ijayo tutakwenda kwa binti yake kuomba radhi. Maelezo yatasomwa mbele ya marehemu. Mimi nikisoma, nitakwama." Akamtazama Chizue. "Wewe una sauti."

Karatasi ilikuwa moja, imeandikwa vizuri, na maneno yake yalipita kooni bila kukwaruza. Alifanya mazoezi jikoni kwake mara nane. Kila mara alifika kwenye aya ya tatu: Katika kipindi chote hicho, hapakuwa na dalili yoyote ambayo mtumishi wetu angeweza kuiona. Kila mara aliisoma hadi mwisho. Ilikuwa sentensi rahisi kuisoma, hilo ndilo lililomtisha.

Walikwenda kwa gari la ofisi, mwendo wa saa moja na nusu, sanduku la vitamutamu mapajani mwake, limefungwa kwa karatasi isiyo na rangi ya furaha. Theluji ilikuwa imesukumwa kando kando ya barabara, chafu.

"Ukifika pale kwenye 'tunaomba radhi'," Kadowaki alisema akiendesha, "subiri pumzi moja, kisha tuiname pamoja."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nagami-san. Usilie. Kulia ni haki yao, si yetu."

Binti wa marehemu aliitwa Minako. Alikuwa rika la Chizue, na mikono mikavu ya mtu anayefanya kazi ya jikoni hospitalini. Aliwakaribisha kwenye chumba cha mikeka. Chombo cha majivu, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, kilikaa juu ya meza ndogo pamoja na picha: mzee mwenye kofia ya dereva, anacheka na mtu asiyeonekana. Waliwasha ubani, wakafunga mikono. Kisha Minako akaweka vikombe vitatu, akalivuta birika lililokuwa kando ya ukuta, akabonyeza.

Maji yakamiminika. Chizue aliitazama taa ndogo ya kijani kwenye kifuniko ikipepesa mara moja. Hakuhitaji skrini. Alijua kwamba Matsue, mbele ya Tanabe, mstari umeandikwa sasa hivi: birika 3081, maji yamemiminwa.

"Sijui linazimwaje," alisema Minako. "Na nyumba haina lingine. Kunyweni, ni chai tu."

"Asante sana. Tunakunyima nafasi," Kadowaki alisema, kichwa chini.

"Nafasi ninayo. Baba hayupo." Akakaa. "Simu yangu ilikuwa mkononi siku zote hizo, mnajua? Nilienda nayo mpaka chooni. Haikulia, nikasema, ah, mzee yuko salama, anakunywa chai yake. Jumanne nilitaka kumpigia. Nikasema ataniambia, 'We mtoto, birika lipo la kazi gani, unanikatiza taarifa ya hali ya hewa.' Sikupiga."

Kadowaki akamgusa Chizue kiwiko. Chizue akaikunjua karatasi.

Alisoma, na sauti ikatoka ile ile ya ghorofa saba, laini, kila neno mahali pake. Aya ya kwanza. Aya ya pili. Kwenye "tunaomba radhi" akasubiri pumzi moja, wakainama pamoja, paji la uso mpaka kwenye mkeka, wakainuka. Minako alikuwa akiitazama midomo yake kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoisikia sauti ile.

"Katika kipindi chote hicho," Chizue alisoma, "hapakuwa na dalili yoyote..."

"Samahani," Minako akamkatiza. "Samahani, mtasoma. Mimi nina swali moja, haya mengine ya mitambo siyaelewi, hata mkisoma mara kumi. Zile siku tatu. Alikuwa peke yake kabisa? Yaani duniani kote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba leo hakuamka?"

"Kwa bahati mbaya," Kadowaki alianza, "mfumo haukuweza..."

"Simwulizi mfumo, bwana."

Chai ilikuwa ikitoa moshi. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika tatu. Chizue aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka kando ya goti lake, pale mtu anapoweka kitu kisicho chake. Kadowaki aligeuka kumtazama, midomo wazi kidogo, naye Chizue hakugeuka. Alitafuta sauti yake pale alipoizoea, hakuikuta. Iliyotoka ilikuwa nyingine, ndogo, hata Kadowaki aliyekaa ubavuni mwake ilimbidi ainame ndipo aisikie.

"Mimi niliona," alisema. "Jumatatu asubuhi. Niliona."